Mpango wa kanda dhidi ya biashara haramu ya kusafirisha binadamu: maswali tunayoulizwa barazani Pemba

Maswali haya tumeyaokota kwenye vikao vya shehia, Konde, Wete, Chake Chake na Mkoani. Mengine tuliulizwa mlangoni baada ya kikao kwisha, kwa sauti ya chini, na mara nyingi hayo ndiyo yenye mambo. Tumeyaacha kama yalivyoulizwa. Majibu ni ya sisi tunaojitolea kwenye kazi hii. Pale mnapokuta "mimi", ni mwandishi anayeeleza alichokiona mwenyewe.

Huo mpango wa kanda ni kitu gani, na unatuhusu nini sisi wa kisiwani?

Ni nchi jirani kukubaliana kuifanya kazi hii kwa pamoja: polisi, uhamiaji, waendesha mashtaka, ustawi wa jamii, na watu wa mitaani kama sisi. Sababu yake ni nyepesi kuielewa ukiitazama ramani. Mtu akimchukua msichana Micheweni anaweza kumvusha kwa boti hadi Tanga, akampakia basi, wakapita mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa, na ndege akapandia Nairobi. Mkondo wa Pemba ni kiasi cha kilomita 50 tu. Kabla ya siku mbili kwisha, jambo lililoanzia kwenye kijiji kimoja limeshaingia nchi ya pili na linaelekea ya tatu. Askari wa Wete, hata awe hodari vipi, mkono wake haufiki huko. Ndiyo maana lazima awepo mwenzake upande wa pili anayejua la kuuliza, na anayepokea simu.

Msingi wa mipango ya namna hii ni Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2006. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo nchi yetu ni mwanachama, ilipitisha mpango wake wa miaka 10 mwaka 2009. Na sheria tunayo yetu wenyewe: Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Namba 6 ya mwaka 2008, inayotumika Bara na Zanzibar.

Kusafirisha binadamu ndiyo kufanya nini hasa? Mbona hatuoni mtu akiuzwa?

Tunaangalia mambo matatu. La kwanza, mtu amechukuliwa, amepelekwa, amefichwa au amepokelewa. La pili, njia iliyotumika: nguvu, vitisho, uongo, kurubuniwa, au kutumia shida aliyonayo. La tatu, lengo: kumtumikisha, kumfanyisha ukahaba, kumuombesha barabarani, na mengine ya namna hiyo. Yakikutana matatu, ni kosa hili.

Kwa mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, hilo la pili halihitajiki. Hata kama hakudanganywa wala kutishwa, ukimchukua ili umtumikishe, umefanya kosa, na sheria yetu inalihesabu kuwa zito zaidi.

Tena mpaka si lazima uvukwe. Kutoka Singida hadi Unguja ni ndani ya nchi moja, na kosa ni lilelile. Wengi wanashangaa tukilisema hili, kwa sababu neno "kusafirisha" linawapeleka kwenye picha ya ndege.

Kama alikubali mwenyewe na akafurahia safari, kosa liko wapi?

Alikubali nini? Hilo ndilo swali. Kama aliambiwa anakwenda kulea mtoto mmoja, kwa mshahara fulani, na Ijumaa ni mapumziko, basi hayo ndiyo aliyoyakubali. Akifika akakuta nyumba ya ghorofa tatu, watu kumi na wawili, paspoti imechukuliwa na simu imefungiwa kabatini, hakuna popote alipolikubali hilo. Itifaki inasema wazi kuwa ridhaa iliyopatikana kwa uongo au kwa nguvu haihesabiki.

Hii ni sawa na wale wanaovushwa kwa siri kwenda Afrika Kusini?

Si sawa, ingawa hukutana njiani. Yule anayelipa avushwe mpaka bila vibali, kosa lake na la mvushaji ni dhidi ya nchi, na kawaida wakifika wanaachana. Anayesafirishwa kibiashara, shida yake inaanza pale anapofika. Lakini mpaka kati ya mambo haya mawili ni mwembamba. Anayeanza kwa kuvushwa anaweza kuishia kushikiliwa kwa deni. Na hata asiposhikiliwa, roho yake iko mikononi mwa mtu asiyemjali: mwezi Machi 2020, huko Tete, Msumbiji, miili ya watu 64 wa Ethiopia ilikutwa ndani ya kontena juu ya lori. Walikosa hewa. Waliotoka hai walikuwa 14.

Kwa nini mnatukumbusha utumwa? Ule si ulikwisha?

Aliyeuliza ni mzee mmoja wa Wete, na aliuliza kwa uchungu, kwa sababu mambo haya kwetu si hadithi za mbali. Tumemjibu hivi.

Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa papo hapo palipokuwa soko. Lakini saini haikuikomesha biashara. Mwaka mmoja nyuma, 1872, kimbunga kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika. Bei ya karafuu ikapanda, mashamba ya huku yakataka mikono, na majahazi yakawa yanavuka usiku kutoka pwani ya Bara yakiwa yamejaza watu. Desemba 1881, nahodha Brownrigg wa meli ya kivita ya Waingereza iliyokaa Zanzibar kuzuia biashara hiyo aliuawa katika maji haya ya Pemba akikagua jahazi. Ilikuwa miaka minane tangu karatasi itiwe saini. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa mpaka mwaka 1897, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909.

Kwa hiyo tunapoambiwa mpango umezinduliwa, sisi wa Pemba tuna haki ya kuuliza: na mkondo huu usiku, nani anautazama?

Mnataka kutuzuia tusiende Maskati?

Hapana. Hili tunalirudia kila kikao, kwa sababu likieleweka vibaya watu wanafunga milango yao. Baina yetu na Oman kuna damu na kuna lugha. Nyumba nyingi za kule zinazungumza Kiswahili hadi leo. Wapo wanawake wa Pemba waliokwenda, wakalipwa, wakajenga, wakasomesha, na wanarudi kila baada ya miaka miwili wakiwa na afya zao. Nyumba ya bati jipya iliyo njia ya Konde unaijua, na mwenyewe unamjua.

Lakini wapo waliorudi na mfuko wa plastiki. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2017 baada ya kuzungumza na wafanyakazi wa ndani 50 wa Kitanzania waliokuwa Oman na Falme za Kiarabu. Waliyoyaeleza ni haya tunayoyasikia hapa: paspoti kuchukuliwa, kazi ya saa nyingi bila siku ya mapumziko, mshahara kukatwa au kutolipwa kabisa, kipigo, na wengine kuingiliwa kimwili. Sababu kubwa ni utaratibu wa kafala. Mfanyakazi anafungwa kwa mwajiri mmoja, na akiondoka bila ruhusa anahesabiwa mtoro. Mwajiri naye ameshamlipa wakala fedha nyingi, basi anaona amenunua. "Nimekununua", wengine waliambiwa hivyo hivyo.

Tunachotaka ni kwamba anayekwenda aende na macho yake. Niwaeleze nilichokiona. Mama mmoja alikuja kikaoni na mkataba wa binti yake, ameukunja mara nne, ameufunga kwenye pindo la kanga. Kurasa tatu, nusu Kiarabu nusu Kiingereza, na saini ya binti ilikuwa tayari chini ya ukurasa wa mwisho. Nyumba nzima hapakuwa na aliyeusoma. Tukampelekea ustadhi wa madrasa ya jirani. Aliusoma polepole, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akarudia kusoma. Mshahara ulioandikwa ulikuwa chini ya ule alioambiwa na wakala, na binti akivunja mkataba kabla ya miaka miwili, nauli ya kurudi ni juu yake. Safari ilikuwa imebaki siku tano. Binti aliamua kutokwenda kwa wakala yule. Na ustadhi kila shehia tunaye, wala hatozi kitu.

Basi kabla ya safari tunasisitiza mambo machache. Viza iwe ya kazi. Anayekuambia "ingia kwa viza ya matembezi, tutabadilisha hukohuko" anakuingiza kwenye shimo, kwa sababu siku ukipata shida wewe ndiye utakayekuwa mkosaji wa uhamiaji. Wakala awe na kibali cha serikali, na kibali hicho kiulizwe ofisi ya kazi, asiaminiwe kwa karatasi anayoionesha mwenyewe. Nakala ya mkataba, ya paspoti na ya viza ibaki nyumbani, mkononi mwa mtu mzima. Jina kamili la mwajiri, mji na mtaa yajulikane kabla ya kupanda ndege. Na namba moja ya simu ya nyumbani iwe kichwani, kwa maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Tumekutana na wasichana ambao hawakuweza kuwapigia mama zao kwa sababu namba ilikuwa ndani ya simu.

Tena mkubaliane naye neno la siri. Wapo wanaokubaliana nyumbani kuwa akisema "nisalimieni bibi wa Kojani", na bibi huyo hayupo, maana yake ni shida, hata kama mwajiri amesimama pembeni anasikiliza.

Wakala ni jamaa yetu. Anaweza kweli kumuuza mtoto wa nduguye?

Wengine hawajui wanachokifanya. Wamelipwa kwa kila kichwa wanachokipeleka, wameambiwa kazi ni nzuri, na wao wameamini. Wengine wanajua. Sheria haimbagui mzazi, shangazi wala jirani, na inamgusa pia anayesaidia, kwa mfano anayetengeneza cheti cha kuzaliwa cha uongo ili wa miaka 15 aonekane ana 21. Cheti kikishaongopa umri, hapo hakuna tena cha kusubiri.

Muulizeni jamaa yenu swali moja tu: "Wewe unalipwa na nani, na kiasi gani?" Anayefanya kazi halali atajibu. Na ikiwa amelipa paspoti na tiketi kwa "kusaidia", ulizeni deni hilo litalipwaje, na liandikwe. Deni lisiloandikwa halina mwisho.

Na hawa watoto wa Bara waliopo majumbani mwetu?

Swali hili halikuulizwa kikaoni hata mara moja. Nimeliandika mimi, kwa sababu bila hilo ukurasa huu wote ungekuwa wa nusu.

Tunawalilia binti zetu walioko Maskati, na tuna haki ya kulia. Lakini boti inayoleta abiria bandari ya Malindi, Unguja, kila siku inaleta pia wasichana kutoka Singida, Iringa, Dodoma na Tanga, waliochukuliwa kwa maneno yaleyale: utasaidia kazi ndogondogo, utasomeshwa, utalipwa.

Ramadhani moja nilialikwa futari na jamaa zangu, mjini Unguja. Msichana alileta uji, akaleta mihogo, akaleta maji ya kunawa, wala hakukaa. Nilipokwenda jikoni kurudisha kikombe nilimkuta anakula amesimama, sahani iko juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikamuuliza ana miaka mingapi. "Wananiambia kumi na sita." Kwao wapi? Singida. Unalipwa? Akasema, "Nawekewa." Tangu lini? Akahesabu kwa vidole: "Hii itakuwa Idi yangu ya tatu." Mama yako unazungumza naye? Namba ya mama yake ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi aliifua ndani ya nguo mwaka wa kwanza.

Usiku ule sikusema neno. Nilinyamaza kwa kuwaonea haya wenyeji wangu, na jambo hilo bado linaniuma. Nilirudi siku ya nne. Mwenye nyumba ni mtu mwema, hapigi, hatukani, na chakula cha jikoni ni kilekile cha mezani. Ndiyo maana ninawasimulia. Nilipomuomba tuhesabu zile fedha anazomwekea, aliinuka akaleta daftari. Kulikuwa na fundi, kulikuwa na umeme, kulikuwa na mwenye maziwa. Mstari wa yule msichana haukuwepo. Alilitazama daftari muda mrefu. Hakuwahi kujiuliza.

Msichana alirudi kwao baada ya miezi miwili, akiwa na fedha zake, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii. Namba ya mama yake ilipatikana kwa diwani wa kata yao.

Neno "nawekewa" likisikika kwenye nyumba yoyote, liulizwe. Anayefanya kazi alipwe mkononi au kwenye simu yake, kila mwezi, na simu iwe yake. Awe na mahali pa kulala penye mlango. Azungumze na kwao atakapo. Na kama ni mtoto, mahali pake ni skuli.

Nimemchukua mtoto wa ndugu yangu nimsomeshe. Nami nimo kwenye kosa?

Kulea mtoto wa ndugu ni desturi yetu, na wengi tuliosoma tulisomea nyumba za mashangazi na mama wakubwa. Hakuna anayeikataza. Linaloangaliwa ni je, huyu anaishi kama watoto wako? Wako wakienda skuli naye yumo, wakienda madrasa naye yumo, wakilala analala? Kama wako wanaamka saa kumi na mbili na yeye anaamka saa tisa za usiku kuwasha moto, unajua jibu.

Zungumza na sheha, kiongozi wa shehia, mtoto ajulikane kuwa yupo kwako na kwao ni wapi. Inachukua dakika chache.

Vijana wanaitwa kwa kazi za kompyuta Asia. Hizo ni za kweli?

Kuwa na tahadhari kubwa sana. Vijana kutoka nchi za Afrika Mashariki wameitwa kwa kazi za huduma kwa wateja Thailand, wakapokelewa uwanja wa ndege, wakavushwa hadi Myanmar, na kufungiwa kwenye majengo yenye walinzi ambako hulazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni. Wanaokataa hupigwa. Hawa ni vijana waliosoma, wenye Kiingereza chao kizuri, na wengi ni wanaume. Kazi inayokupa tiketi kabla hujafanyiwa mahojiano ya maana, na isiyotaka cheti wala ujuzi, jiulize inataka nini kwako.

Sisi tuna boti na tunatumia diko, pale boti zinapofikia pwani. Tutajuaje?

Hili ni swali la manahodha wa Tumbe na Wete, na tumefurahi kulisikia, kwa sababu bandari bubu zetu ni nyingi kuliko askari walioko.

Hamtakiwi kuwa wapelelezi. Tazameni tu. Mtu mzima mmoja na wasichana watatu wanne wasiojuana. Msichana asiyeshika kitambulisho chake mwenyewe, kila karatasi iko kwa "mjomba". Mtoto anayeulizwa anakwenda wapi akamtazama mwingine kabla ya kujibu. Nauli inayolipwa maradufu bila kubishana ili boti iondoke usiku. Kitu kimoja peke yake kinaweza kuwa si chochote. Vikikutana viwili vitatu, chelewesha safari na umpigie sheha au polisi. Kisingizio hakikosekani baharini. Mashine inaweza kugoma, upepo unaweza kuwa mbaya.

Mpango wa kanda unataka maswali hayahaya yaulizwe Tanga na Mombasa pia, ili aliyepenya hapa akwame huko.

Nimwambie nani?

Mtoto akiwa hatarini, piga 116, ni bure, Unguja, Pemba na Bara. Dharura ya polisi ni 112. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na unaweza kuomba kuzungumza na askari mwanamke. Aliyeumizwa au kuingiliwa kimwili apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono, Hospitali ya Chake Chake kwa huku kwetu, au Mnazi Mmoja kwa Unguja, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana pamoja, asilazimike kulisimulia jambo lake mlango hadi mlango. Tafadhali asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kufika.

Kama unayemshuku ni mtu mwenye cheo hapo shehiani, usianzie kwake. Nenda wilayani, au piga namba hizo.

Nitaitwa mchongezi.

Huenda ukaitwa. Hatutakuficha. Lakini unaweza kupiga simu bila kutaja jina, na sisi hatulitaji jina la mtoa habari kikaoni wala mitaani. Kazi ya kuthibitisha si yako. Wewe umesema ulichokiona.

Na tunaomba msirushe picha za wahusika kwenye makundi ya simu, hata kwa nia njema. Picha ya msichana ikishazunguka Pemba nzima, hata akiokolewa hatakuwa na pa kurudi.

Aliyerudi tumpokee vipi? Watu wanasema mengi.

Mpokeeni kama mnavyompokea msafiri mwingine yeyote. Apewe maji, apewe mahali pa kulala, aachwe alale. Msimuulize ameleta nini. Msimuulize amefanywa nini. Akitaka atasema, na akisema asikatizwe. Mmoja wa waliorudi alituambia kuwa kilichomvunja moyo ni mama yake kufungua begi lake mbele ya majirani.

Kisheria yeye ni mwathirika. Kama alipita mpaka kwa cheti cha uongo alichotengenezewa, wa kuulizwa ni aliyekitengeneza. Anahitaji daktari, anahitaji mtu wa kuzungumza naye, na anahitaji kazi, kwa sababu shida iliyomtoa bado ipo mlangoni. Wanawake watatu waliorudi wamepata nafasi kwenye kikundi cha mwani cha kijijini kwao, na wenyewe ndio walioomba wasiitwe kwa jina lolote la mradi.

Huu si mradi mwingine wa warsha na fulana?

Mna sababu ya kuuliza. Mmeona mabango mengi. Sisi tutaupima mpango huu kwa vitu viwili. Kwanza, je, kesi zinafika mahakamani na kwisha, au mashahidi wanachoka wakiitwa Unguja mara sita? Pili, je, aliyeokolewa Nairobi au Maskati anapata mtu wa kumpokea bandarini Mkoani kwa jina lake? Muulizeni hayo kila anayekuja kwenu na kipaza sauti. Nasi mtuulize.

Binti yangu ameshaondoka, na simu haipatikani wiki ya tatu sasa. Nifanye nini?

Usisubiri wiki ya nne. Kusanya kila ulichonacho: nakala ya paspoti, picha yake ya karibuni, jina la wakala na namba zake zote, namba ya mwisho aliyopigia, na ujumbe wa sauti ikiwa upo, usifute chochote. Andika tarehe aliyoondoka na njia aliyopita. Nenda polisi ufungue taarifa, na uombe namba ya taarifa hiyo. Tanzania ina ubalozi Maskati, Abu Dhabi na Riyadh, na ubalozi mdogo Dubai. Taarifa ipelekwe huko kupitia serikali, na unaweza pia kumtumia jamaa aliyeko mji ule aende mwenyewe hadi mlangoni kwao. Akipata simu hata dakika moja, polisi wa Oman ni 9999 na wa Falme za Kiarabu ni 999.

Wakala akikuita umwone peke yako, usiende peke yako. Akikwambia binti ni mzima ila "ana kazi nyingi", mwambie unataka kuisikia sauti yake leo, na usikilize kama binti atalitaja lile neno mlilokubaliana.

Kama hamkukubaliana neno lolote, muulize binti jina la paka wa nyumbani, au nani alimsuka siku ya safari. Kisha nyamaza umsikilize.